Bastola na Ala Yake: Historia na Istilahi za Mkusanyo wa Silaha za Vita

Utangulizi

Kiswahili si maskini wa maneno ya silaha. Bunduki, baruti, risasi, singe, kombora, gobori na mzinga ni maneno yaliyokwisha kukaa katika lugha yetu miaka mingi, na kila moja lina safari yake. Bunduki limetokana na neno la Kiarabu lililotaja kwanza kokwa dogo gumu, kisha kidonge cha kurushia ndege, na mwishowe chombo chenyewe. Risasi lilikuwa, na hata leo ni, jina la madini mazito ambayo kwayo vidonge hivyo vilisubiwa. Singe limetujia kutoka upande wa India na Uajemi. Mzinga halikukopwa popote: wazee walitazama gogo lililotobolewa liwe nyumba ya nyuki, wakatazama na bomba la chuma linalotema moto, wakaona sura ni moja.

Hata hivyo utajiri huo una mpaka wake. Majina ya silaha zenyewe tunayo. Lakini majina ya vitu vinavyofuatana na silaha, na hasa maneno ya kueleza uhusiano wa vitu hivyo na silaha yake, bado yametawanyika. Mwandishi mmoja husema mfuko wa bastola, wa pili husema mkoba, wa tatu ala, na wa nne hukopa neno la kigeni bila hata kulibadili tahajia. Jambo hili laweza kuonekana dogo. Kwa mfasiri wa sheria, kwa karani wa forodha, kwa askari polisi anayeandika orodha ya vielelezo, na kwa mtunzaji wa makumbusho, si dogo hata kidogo.

Makala haya yanakusudia kulichunguza suala hilo kwa njia ya historia. Tumechagua bastola moja tu, yaani bastola ya Kijerumani iitwayo P.08, pamoja na ala yake na vifaa vyake. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wameichambua bastola hiyo kwa undani, na katika kazi hiyo wamelazimika kuzitenga dhana ambazo sisi bado twazichanganya. Hoja yetu ni kwamba kitu cha kihistoria huwa ushahidi pale tu ambapo uhusiano wa sehemu zake unaweza kutajwa bila utata. Na uhusiano huo hauwezi kutajwa kwa kitenzi "kulingana" peke yake.

Bastola moja, majina matatu

Mwaka 1893 Hugo Borchardt alibuni bastola iliyojipakia risasi yenyewe kwa nguvu ya msukumo wa nyuma. Ilikuwa kubwa na nzito mno kwa mkono wa askari. Georg Luger, mzaliwa wa Tirol katika Austria aliyeishi kati ya 1849 na 1923, aliichukua kazi hiyo akaipunguza na kuirekebisha katika kiwanda cha DWM mjini Berlin. Uswisi ikaikubali kwa jeshi lake mwaka 1900. Jeshi la majini la Ujerumani likafuata mwaka 1904. Na jeshi la nchi kavu mwaka 1908. Mwaka huo wa mwisho ndio uliozaa jina rasmi, Pistole 08, ambalo kwa kifupi ni P.08.

Lakini bastola hiyo ina majina mengine mawili. Kiwandani na katika biashara iliitwa Parabellum, kutokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya "andaa vita". Na Wamarekani wakazoea kuiita Luger, kwa jina la mbunifu wake. Mfasiri anayekutana na majina hayo matatu katika hati tatu aweza kudhani kwamba anazungumzia silaha tatu. Yafaa basi jina rasmi la kijeshi lishikwe kama istilahi, na yale mengine yatajwe mara moja tu kama visawe.

Jambo linaloipambanua bastola hii ni namna mtambo wake unavyofungwa. Nyuma ya mtutu kuna vyuma viwili vilivyoungwa kwa bawaba. Vinaponyooka huuzuia mlipuko. Vinapokunjwa kuelekea juu, ganda la risasi hutoka na risasi mpya hupanda. Wajerumani waliuita muundo huo kwa jina la kiungo cha goti, na hapa Kiswahili hakina haja ya kukopa. Mguu ulionyooka hubeba mzigo, uliokunjwa hauwezi. Mfungo wa goti ni istilahi ambayo mwanafunzi wa ufundi ataielewa kabla hajafafanuliwa.

Namba na sababu yake

Sehemu za P.08 zilikamilishwa na kuoanishwa kwa mikono ya mafundi. Chuma cha bastola moja hakikuwa na hakika ya kukaa sawasawa katika bastola nyingine. Kwa sababu hiyo kila bastola ya jeshi ilipigwa namba yake: namba kamili katika sehemu kubwa kama kiunzi na mtutu, na tarakimu mbili za mwisho katika sehemu ndogo nyingi. Bastola kumi zikifunguliwa pamoja kwa ajili ya kusafishwa, fundi aliweza kurudisha kila chuma mahali pake. Shabaha ya namba hizo, basi, ilikuwa ya karakana. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja zitakuwa kipimo cha mkusanyaji.

Namba hizo zina tabia ambayo imewapoteza wengi. Hazikuendelea bila kikomo. Zilikwenda hadi 10,000, kisha zikaanza tena zikiwa na herufi ndogo a, kisha b, na kadhalika. Na mwaka mpya ulipoingia hesabu ikarudi mwanzo. Kwa hiyo bastola yenye namba 4,512 si moja: kila kiwanda na kila mwaka huweza kuwa na yake, na nyingine kadha zenye herufi. Mwandishi wa orodha anayenakili tarakimu na kuiacha herufi, au anayeandika herufi na kuuacha mwaka, hajaitambulisha silaha.

Mwaka wenyewe nao una hila zake. Kwa kawaida hupigwa juu ya chemba. Lakini baada ya Ujerumani kushindwa na Mkataba wa Versailles wa 1919 kupunguza silaha zake, bastola nyingi zilizobaki mikononi mwa serikali zilipigwa 1920 kama alama ya mali ya serikali. Ndiyo maana zipo P.08 zenye miaka miwili, kwa mfano 1917 na 1920, moja juu ya mwingine. Wa kwanza ni mwaka wa kutengenezwa; wa pili ni mwaka wa umiliki. Neno "tarehe" peke yake halitoshi hapo.

Zaidi ya namba na mwaka, kuna alama ya kiwanda. Bastola za DWM zina herufi za kiwanda hicho zilizofumwa pamoja. Zile za karakana ya serikali ya Erfurt zina taji na jina la mji. Mwaka 1930 kazi ilihamia kwa kampuni ya Mauser mjini Oberndorf, na wakati Ujerumani ilipojizatiti kwa siri jina hilo lilifichwa: likaandikwa S/42, kisha 42, na mwishowe byf. Hata mwaka ulifichwa kwa muda, herufi K ikisimama badala ya 1934 na G badala ya 1935. Mauser iliacha kuliundia jeshi bastola hii mwaka 1942, kwa kuwa Walther P.38, iliyokubaliwa mwaka 1938, ilikuwa rahisi na nafuu zaidi kuitengeneza.

Ala na vilivyomo

Tuiache bastola sasa, tuitazame nyumba yake. Ala ya P.08 ni kazi ya ngozi nene iliyoshonwa, yenye kifuniko kikubwa kinachofungwa kwa ukanda na bizimu. Katika ukingo wake wa mbele imeshonewa mfuko mwembamba wa magazini ya akiba. Ndani, chini ya kifuniko, kuna kijifuko kidogo cha bisibisi ambayo pia humsaidia askari kukandamiza springi ya magazini wakati wa kupakia risasi. Aghalabu ala za Vita Kuu ya Kwanza zilikuwa za rangi ya kahawia, na zile za Vita Kuu ya Pili nyeusi. Nyingi zilipigwa mhuri wa mtengenezaji, mji wake na mwaka.

Kila bastola ilitolewa na magazini mbili, kila moja ya risasi 8, nazo zilipigwa namba ya bastola hiyo. Ile ya akiba ilitiwa pia alama ya kujumlisha ili isichanganywe na ya kwanza. Katika Vita Kuu ya Kwanza kitako cha magazini kilikuwa cha mti. Baadaye kikawa cha aluminiamu, na mwisho cha plastiki. Kwa hiyo magazini ya kitako cha plastiki katika bastola ya 1916 yatosha kutuambia kwamba wawili hao hawakuanza safari pamoja.

Kulikuwa na namna nyingine tena, iliyokubaliwa mwaka 1913 kwa ajili ya wapiga mizinga. Hii ilikuwa na mtutu wa milimita 200, mara mbili ya ule wa kawaida wa milimita 100, na ubao bapa uliofungwa nyuma ya mpini ili bastola ipate kuegemezwa begani. Ala yake ya ngozi ilifungwa juu ya ubao huo huo. Baadaye ikaongezwa magazini ya duara ya risasi 32. Hapa ala, kitako na silaha vimekuwa kitu kimoja. Na tutaona hivi punde kwamba sheria haikulipuuza jambo hilo.

Je, neno ala lafaa? Wapo wanaolikataa kwa sababu lina maana mbili: kifuko cha kisu au upanga, na chombo cha kufanyia kazi, kama katika "ala za muziki". Pingamizi hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, maana ndani ya kifuko hiki mna chombo cha kufanyia kazi pia, na "ala ya bastola" yaweza kueleweka kuwa ndiyo ile bisibisi. Lakini dawa yake si kulitupa neno. Upanga una ala, jambia lina ala, na askari aliyechomeka singe kiunoni aliichomeka katika ala. Bastola ni mgeni wa mwisho katika ukoo huo. Mfuko ni neno pana mno, kwani hata magazini ina mfuko wake katika ala hiyo hiyo. Na mkoba hubebwa begani au mkononi. Yafaa ala ishike maana ya kifuko chenye umbo la silaha, na chombo kiitwe kifaa au kwa jina lake.

Kwa nini pengo hili lilibaki? Twaweza kudhani sababu. Katika vita vya 1914–1918 vya Afrika Mashariki, askari wengi wa Kiafrika wa jeshi la Wajerumani walianza mapigano wakiwa na bunduki za modeli ya 1871 zenye moshi mzito. Lugha yao iliita kila walichokibeba na kilichowatisha: ndipo tukapata hata neno bombomu kwa bunduki ya kumimina risasi. Bastola na ala yake vilikaa katika mshipi wa ofisa. Jeshi hilo lilipoweka silaha chini huko Abercorn, sasa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, lilikuwa limeacha maneno mengi ya bunduki, na machache ya kile alichokivaa mkubwa.

Nyara na hati yake

Mkusanyo wa bastola hizi ulianzia katika mifuko ya askari walioshinda. Katika vita vyote viwili, P.08 ilitamaniwa kama kumbukumbu ya kurudi nayo nyumbani. Katika Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani lilitaka askari apewe hati yenye saini ya ofisa, inayomruhusu kuingia nchini na kitu alichokiteka. Hati hizo, pale zilipohifadhiwa, na hasa pale zilipotaja namba ya silaha, leo ni sehemu ya thamani sana ya mkusanyo, ingawa ni karatasi tu.

Mfasiri ataziitaje? Neno nyara ndilo la kwanza kuja kinywani, nalo ni sahihi kwa asili yake: mali iliyochukuliwa vitani. Lakini katika sheria za Tanzania nyara za Serikali ni pembe, meno na ngozi za wanyamapori. Na katika magazeti kuteka nyara ni kumkamata mtu au ndege kwa nguvu. "Hati ya nyara" bila kifafanuzi yaweza kumpeleka karani kwenye idara ya wanyamapori. Hapana budi tuseme nyara za vita kila mara, hata kama yaonekana kurudia.

Kulingana si neno moja

Sasa twafika kwenye kiini. Wakusanyaji hupenda kusema kwamba bastola "inalingana" na ala yake. Tukichunguza, kauli hiyo huficha hali nne zilizo mbali mbali.

Hali ya kwanza ni ya sehemu zenye namba ile ile, kama mtutu, kiunzi na magazini mbili. Hapa ushahidi umeandikwa katika chuma. Tuiite hali hii namba-moja.

Hali ya pili ni ya vitu visivyo na namba ya pamoja lakini vinavyojulikana kwa hati au kwa ushuhuda wa kuaminika kwamba vilikuwa pamoja tangu vitani. Ala za jeshi kwa kawaida hazikupigwa namba ya bastola. Hivyo ala haiwezi kuwa namba-moja na bastola yake, hata iwe imekaa nayo tangu siku ya kwanza. Hali hii twaweza kuiita ya nasaba moja, maana kinachoithibitisha ni historia ya kupokezana, kama nasaba ya mtu.

Hali ya tatu ni ya vitu vinavyofaana kwa mwaka, kwa umbo na kwa jeshi lililovitumia, lakini vilivyokutanishwa baadaye na mkusanyaji. Ala ya 1916 iliyonunuliwa mji mmoja na bastola ya 1916 iliyonunuliwa mji mwingine ni za wakati mmoja. Si udanganyifu kuziweka pamoja. Udanganyifu ni kuziita za nasaba moja.

Hali ya nne ni ya hila. Kwa kuwa soko huipa bei kubwa bastola ya namba-moja, wapo waliofuta namba ya sehemu ngeni na kupiga nyingine ifanane. Wapo pia walioshona ala mpya na kuichakaza kwa makusudi. Namba ya kughushi na ala ya kuiga ndiyo maneno yanayostahili, nayo yasipambwe. Tutenge tu kughushi na kutengeneza: fundi wa jeshi aliyebadili sehemu iliyovunjika hakumdanganya mtu, na kazi yake ni sehemu ya historia ya silaha hiyo.

Mtu aweza kuuliza: Je, neno lenye upana si ndilo lenye manufaa? Katika mazungumzo, ndiyo. Katika orodha ya makumbusho, hapana. Orodha inayosema tu "bastola na ala yake" imedai nasaba bila kuithibitisha, na msomaji wa miaka hamsini ijayo hatakuwa na njia ya kujua kwamba kiunganishi "yake" kiliwekwa kwa mazoea ya lugha tu.

Mbele ya sheria

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya matajiri wenye makabati ya vioo. Sivyo. Nchini Marekani sheria ya 1934 huihesabu bastola yenye kitako cha begani pamoja na bunduki zilizofupishwa, ambazo zina udhibiti mkali. Lakini baadhi ya P.08 za wapiga mizinga pamoja na vitako vyake zimetolewa katika udhibiti huo kwa sababu ya historia yake. Nchini Uingereza sheria ya 1997 ilipiga marufuku bastola nyingi, ikaacha mlango mwembamba kwa zile za kihistoria. Mfasiri asiyetofautisha kitako cha asili na kitako cha kuiga, au kitako cha bastola na kitako cha magazini, aweza kuigeuza halali kuwa haramu.

Kwetu pia jambo hili li karibu. Itifaki ya Nairobi ya 2004 juu ya silaha ndogo na nyepesi inazitaka nchi wanachama, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, zihakikishe kwamba kila silaha inapotengenezwa inapigwa alama ya pekee yenye jina la mtengenezaji, nchi au mahali, na namba ya mfululizo. Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Walakini taarifa zetu huandika mara kwa mara "namba za usajili" pale panapokusudiwa namba iliyopigwa kiwandani. Namba ya kiwanda imo katika chuma. Namba ya usajili imo katika daftari la serikali. Kuzichanganya ni kuikata njia ile ile ambayo mpelelezi angeifuata. Vivyo hivyo neno risasi hutumika kwa madini, kwa kitu kizima kinachopakiwa, na kwa kile kipande kinachoruka. Watu wa kazi hiyo wamekwisha kujitengenezea kichwa cha risasi na ganda la risasi. Kilichobaki ni kuyasanifisha.

Istilahi zinazopendekezwa

Ala ya bastola: kifuko cha ngozi au cha turubai chenye umbo la bastola, cha kuvaa katika mshipi.
Mfuko wa magazini: sehemu ya ala, au kifuko cha peke yake, ya kutia magazini ya akiba.
Magazini: chombo kinachoshika risasi na kuzipandisha chembani.
Kitako cha bega: ubao au chuma cha kuegemeza bastola begani.
Kitako cha magazini: kifuniko cha chini cha magazini.
Mfungo wa goti: mtambo unaofungwa kwa vyuma viwili vyenye bawaba.
Namba ya kiwanda: namba iliyopigwa na mtengenezaji, pamoja na herufi yake.
Namba ya usajili: namba iliyotolewa na serikali kwa mwenye silaha.
Mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa umiliki: tarehe mbili zisizochanganywa.
Namba-moja, nasaba moja, wakati mmoja: daraja tatu za kuhusiana kwa vitu.
Namba ya kughushi. Ala ya kuiga: majina ya hila.
Nyara za vita: mali iliyotekwa vitani.

Maneno haya takriban yote tulikuwa nayo. Yaliyokosekana ni mipaka baina yao. Mafundi wa karakana ya Erfurt walipiga tarakimu mbili hata katika chuma kidogo ili kila kimoja kirudi kwa mwenzake. Nasi tukiipa kila dhana jina lake na kulilinda, hati itakayopita mikononi mwa mfasiri, karani na hakimu itarudi ikiwa na maana ile ile iliyoondoka nayo.